Umaskini uko kichwani? Nabishana na koti la Dolly Parton



Leo nataka tuongee kuhusu albamu ya muziki, na siyo ya kwaya. Ni ya Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Inaitwa Coat of Many Colors, yaani koti la rangi nyingi, na ilitoka mwaka 1971. Najua kuna watakaosema huo ni muziki wa wazee. Ni kweli. Kwa wengi wetu kantri ni redio ya Jumapili mchana: baba amejinyoosha kwenye kochi baada ya Misa, Jim Reeves anaimba, Don Williams anafuata, na ole wako uguse stesheni. Lakini nivumilieni. Katika wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, kuna wazo moja ambalo nimekuwa nikibishana nalo kwa majuma kadhaa sasa. Karibu na mwisho wa wimbo Dolly anadai kwamba kuwa maskini ni jambo la mtu mwenyewe kuchagua.

Wazo hilo si geni kwetu. Fungua simu asubuhi, pitia stetasi za watu, hukosi kulikuta: umaskini uko kichwani, badili fikra utoke. Kuna semina ambazo kijana analipa kiingilio, tena cha kukopa, ili aende kuambiwe hivyo. Na kuna mahubiri ambayo umaskini umeshageuzwa kuwa laana, kwa hiyo anayebaki nao ndiye mwenye kasoro katika imani. Kusema kweli maneno haya hunikera. Naona akina mama wanaoamka saa kumi usiku kuwahi ndizi sokoni, wanakaa juani mpaka jioni, na jioni ada ya mtoto bado haijatimia. Hebu mtu anionyeshe ni fikra gani iliyopungua kwenye vichwa vyao.

Sasa tatizo langu ni hili. Wazo lile lile nikilisikia kwa Dolly halinikeri. Linanigusa, mara nyingine mpaka machozi yanalenga. Je, ni gitaa tu linanihadaa? Au kuna kitu tofauti anachosema, ingawa maneno yanafanana? Hilo ndilo swali, na nimeona nisilibebe peke yangu.

Kwanza habari yenyewe. Dolly alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika wilaya ya Sevier, kwenye milima ya mashariki ya Tennessee. Watoto kumi na wawili, yeye wa nne. Baba yake alikuwa mkulima, hakujua kusoma wala kuandika. Nyumba ilikuwa kibanda cha mbao, umeme hakuna, maji ya bomba hakuna. Daktari aliyemzalisha mama yake hakulipwa pesa, alilipwa gunia la unga wa mahindi. Hapo nadhani msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi.

Basi, msimu mmoja baridi ilikuwa inakaribia na mtoto hana koti. Familia ilikuwa imepewa boksi la vitambaa chakavu. Mama yake akakaa akaviunga kipande kwa kipande mpaka likatoka koti. Huku akishona, alimsimulia binti yake habari ya Yusufu na vazi alilopewa na baba yake Yakobo. Unaona ujanja wa mama? Kabla koti halijaisha, mtoto tayari anajua kwamba vazi la namna hii liko kwenye Biblia. Akaenda nalo shule akitembea kama binti mfalme. Kufika tu, wenzake wakaangua kicheko.

Kwenye wimbo, mtoto anashangaa wanachekea nini. Anajaribu kuwaeleza jinsi mama alivyolishona kwa mapenzi, hawamwelewi, na ndipo linapokuja lile wazo la kuchagua. Lakini wimbo umepunguza makali. Katika mahojiano miaka ya baadaye Dolly amesimulia kwamba siku ile ilikuwa mbaya kuliko alivyoiimba. Wenzake walimshika, wakalivutavuta lile koti wamvue mpaka vifungo vikang'oka, na ndani hakuwa amevaa blauzi. Amesema aibu ile alikaa nayo miaka, na kwamba kuandika wimbo ndiko kulikoanza kumponya.

Kwa mtu aliyezoea kufanya Njia ya Msalaba ni vigumu kusikia hivyo usifikirie kituo cha kumi. Yesu anavuliwa nguo. Yohana anaandika katika sura ya 19 kwamba kanzu yake haikuwa na mshono, ilifumwa nzima tangu juu, ndiyo maana askari wakaipigia kura badala ya kuichana. Mapokeo ya wacha Mungu yanasema ni Mama yake aliyeifuma. Injili haisemi hivyo, mimi nasimulia tu kama nilivyosimuliwa. Lakini mtoto kuvuliwa mbele ya watu nguo aliyotengenezewa na mama yake, hicho si kisa cha kuchekesha cha shuleni.

Halafu angalia wimbo ulivyoandikwa. Ni mwaka 1969, Dolly ana miaka 23, yuko kwenye basi la Porter Wagoner, mwanamuziki aliyemwajiri kwenye kipindi chake cha televisheni tangu 1967. Porter alisifika kwa suti zake, zimetariziwa na kumetameta kama mti wa Krismasi. Maneno yakamjia Dolly safarini, karatasi hana. Akachukua risiti ya dobi iliyokuwa imebandikwa kwenye nguo za Porter, akaandika hapo. Wimbo wa koti la viraka umeandikwa kwenye risiti ya kufulia suti za kumeremeta! Ningekuwa nimetunga mimi hadithi hiyo mngesema nimezidisha chumvi.

Mimi hapo nahesabu miaka. Toka siku ya kicheko hadi siku ya risiti imepita zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo yule mtoto anayejibu kwa ujasiri ndani ya wimbo hakuwepo shuleni siku ile. Aliyekuwepo ni mtoto anayelia, ameshikilia koti lisimtoke mwilini. Jibu lilikuja baadaye sana, kwa mtu mzima aliyekwisha kutoka kijijini, ana kazi, ana jina. Huo uchaguzi anaousema, kama ni uchaguzi, haukufanyika kwa kupiga kidole. Ulichukua ujana wote. Wenzetu wa semina wanatutaka tuumalize kabla ya chai ya saa nne.

Nadhani Kiswahili kinaweza kutusaidia kidogo hapa. Neno umaskini tunalitumia kubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kuna ufukara: huna chakula, huna nauli, huna dawa, huna shuka. Na kuna unyonge: kuonwa si kitu na kufanywa uamini kwamba kweli wewe si kitu. Mara nyingi vinatembea pamoja ndiyo maana tunavichanganya, lakini si kitu kimoja. Unaweza kukutana na bibi fukara kabisa ambaye hana chembe ya unyonge, ukimwendea kwa dharau unarudi umejirekebisha. Na unaweza kukutana na mtu mwenye gari mbili ambaye ni mnyonge hadi kwenye mifupa, hawezi kuingia ukumbini bila kuangalia kwanza nani kavaa nini.

Kuhusu ufukara, wazo la Dolly ni la uongo, na sioni sababu ya kulipamba. Njaa haichaguliwi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye alikuwa mtawa na alijua nini maana ya kuacha mali, aliandika kitabu kidogo kwa ajili ya mfalme wa Cyprus kuhusu utawala. Humo anasema ili watu waishi vizuri inatakiwa kwanza waishi kwa fadhila, lakini pia wawe na mahitaji ya mwili ya kutosha, kwa sababu hata kutenda wema kunahitaji vifaa. Yeye ndiye huyo huyo mwenye nadhiri ya ufukara. Hakumwambia mfalme kwamba raia wenye njaa wabadili fikra.

Kuhusu unyonge, hapo Dolly ana jambo. Wale watoto wangeweza kuvuta koti, wangeweza kumfungia chumbani, lakini kitu kimoja kilihitaji sahihi yake mwenyewe: kukubali kwamba koti ni takataka na mama yake ni mtengeneza takataka. Sahihi hiyo alikataa kuitoa. Ilimchukua miaka, sawa, ila alikataa. Na katika kukataa huko simwoni kama mtu anayejidanganya. Anasema kitu cha kweli ambacho wenzake hawakukiona.

Hata hapo lakini neno "kuchagua" linanisumbua, kwa sababu linamwacha mtoto peke yake. Hebu tazama: nani alimpa silaha za kukataa? Ni mama. Bila ile hadithi ya Yusufu wakati sindano inapita, koti lingekuwa matambara tu, na mtoto angekuwa na nini cha kusema? Mama yangu mimi alikuwa na cherehani barazani, na vipande vilivyobaki kwa wateja ndivyo vilivyokuwa foronya zetu, mapazia yetu, na mifuko ya kubebea madaftari. Hakuwahi kutusimulia Yusufu, mama yangu si mtu wa maneno mengi. Ila alikuwa anapanga rangi. Angeweza kuunga chochote na chochote ili mradi kazi iishe, lakini alikuwa anavitandaza sakafuni kwanza, anavihamisha hamisha, anarudi nyuma, anaangalia. Mtoto aliyeona hivyo hawezi kuamini kirahisi kwamba alichovaa ni aibu. Kwa hiyo nikisema "nimechagua kutokuwa mnyonge" ninakula jasho la mtu mwingine na kuliita langu.

Halafu kuna upande wa wale waliocheka. Adam Smith, yule Mskoti wa uchumi, alieleza mwaka 1776 kwamba shati la kitani si hitaji la uhai, Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila hilo. Lakini katika Ulaya ya siku zake hata kibarua wa kawaida angeona haya kutokea mbele za watu bila kulivaa. Maana yake, ni sisi jamii tunaopanga kiwango cha aibu. Tukikipandisha, tunawafanya watu maskini ambao jana hawakuwa. Fikiria Komunyo ya Kwanza. Zamani gauni jeupe lolote lilitosha. Siku hizi kuna parokia ambazo gauni, viatu, taji, ukumbi na mpiga picha vimefanya Sakramenti ionekane kama harusi ndogo, na kuna mama anaingia mkopo wa kikundi kwa sababu hataki mwanae awe pekee yake. Ziko parokia nyingine ambazo watoto wote wanavaa kanzu nyeupe za aina moja, zinafuliwa na kurudishwa kabatini kwa ajili ya mwaka ujao. Mimi nasimama na hizo, na nitasimama hata mkinirushia mawe kwenye maoni. Mtume Yakobo aliliona mapema, soma sura yake ya pili: anayeingia na pete ya dhahabu anapewa kiti, mwenye mavazi mabovu anaambiwa asimame kule. Na Yakobo hamuulizi yule wa mavazi mabovu amechagua nini. Anawageukia wenye viti.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini sentensi moja inanikera mdomoni mwa mmoja na kunigusa mdomoni mwa mwingine. Sentensi hii ina mwenyewe. Ni kama neno "yameisha". Aliyekosewa akiniambia yameisha, amenipa zawadi kubwa kuliko stahili yangu. Lakini niliyemkosea nikimwambia yeye "bwana, yameisha hayo", hiyo ni jeuri. Maneno ni yale yale, yamebadilisha mdomo. Dolly akisema mimi sikukubali kuwa maskini, anajisemea yeye na koti lake. Tajiri akimwambia maskini "umechagua", au mwajiri akimwambia kibarua ambaye hajamlipa miezi miwili, wimbo umekufa hapo hapo na kilichobaki ni fimbo.

Mtu anaweza kunibana: Dolly mwenyewe si tajiri sasa? Utajiri wake unajulikana, bustani yake ya burudani iko huko huko Sevier tangu 1986, inaitwa Dollywood. Akiuimba leo, anaimba kama nani? Ni hoja nzuri na sitaki kuikwepa. Nina majibu mawili, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni wimbo wake mwingine, In the Good Old Days (When Times Were Bad), ambao pia ni jina la albamu yake ya 1969. Wanaoijua ile ya koti tu wanapaswa kuusikiliza na huu. Humo anataja mazao yaliyoharibiwa na mvua ya mawe, mikono ya baba inayopasuka kwa kazi, mama anayeugua bila pesa ya kumwita daktari. Anasema kumbukumbu hizo ni zake na anazipenda, ila kurudi kuishi vile, hapana kabisa. Huyo si mtu anayetuuzia ufukara kama likizo ya kijijini. Ziweke nyimbo hizi mbili pamoja ndiyo unapata anachoamini: unyonge aliukataa, na ufukara aliuchukia. Ukichukua mmoja bila mwingine unapata ama wimbo wa kujipa moyo, ama malalamiko.

La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni pesa zinakokwenda. Mwaka 1995, kwa ajili ya baba yake asiyejua kusoma, alianzisha mpango wa kuwapelekea watoto wadogo wa Sevier kitabu kimoja cha bure kila mwezi mpaka wanapofikisha miaka mitano. Mpango ukatoka nje ya wilaya, ukatoka nje ya nchi, na vitabu vilivyokwisha kutolewa ni zaidi ya milioni 200. Novemba 2016 moto wa msituni ukateketeza nyumba nyingi wilayani kwao. Taasisi yake iliahidi kila familia iliyopoteza makazi dola 1,000 kwa mwezi kwa miezi sita, na ikatimiza. Tena mwezi wa mwisho wakazidisha, wakatoa dola 5,000. Hawakuandaliwa semina. Hakuna aliyewaimbia kwamba ni maskini kwa sababu wamekubali. Walipewa pesa mkononi, wakapange wenyewe.

Turudi kidogo kwa Yusufu, kwa sababu mama Avie Lee alipoichagua hadithi ile alifanya jambo ambalo sijui kama alilipanga. Ukisoma Mwanzo 37 vizuri, lile vazi halikuwa baraka tupu. Yakobo alimpenda Yusufu kuliko wengine na vazi lilikuwa alama ya upendeleo. Ndugu zake walimchukia, wakamvua, wakamuuza, vazi wakalichovya kwenye damu ya mbuzi wakampelekea mzee. (Kama mnatafuta rangi nyingi kwenye Union Version hamtazipata, pameandikwa kanzu ndefu tu. Neno la Kiebrania lina utata. Rangi zimetoka kwenye tafsiri ya kale ya Kigiriki, na Biblia ya Kiingereza iliyosomwa milimani kwa kina Dolly ikazibeba.) Vazi la Yusufu lilimwinua mmoja juu ya wengine. Koti la Dolly lilitengenezwa kwa mabaki, na hakuna aliyenyang'anywa kitu ili lipatikane. Hata hivyo nalo lilileta mikono ya kuvua. Kumbe wivu na dharau vyote vinajua njia ya kwenda kwenye nguo ya mtu.

Na mkiwa bado mko kwenye nguo, mkumbukeni Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Watu humtaja kila inapotokea hoja ya kuchagua umaskini. Kweli alichagua. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na Fransisko alivua vyote mbele ya askofu na umati, akamrudishia mzee. Lakini sehemu inayosahaulika ni ya askofu: alimfunika kwa joho lake mwenyewe. Hata anayechagua kabisa, kwa hiari, mbele ya mashahidi, bado anahitaji mtu wa kumfunika. Na wakoma aliowakumbatia huko nje ya mji, wao hakuna aliyewauliza wanachagua nini. Fransisko alilijua hilo. Hakuwahi kuwaambia wakoma kwamba wako kama yeye.

Nadhani ndiyo sababu Injili inatupa heri ile mara mbili na hairuhusu tufute moja. Katika Mathayo 5:3 ni maskini wa roho. Katika Luka 6:20 ni maskini, basi, bila nyongeza, na mistari michache mbele matajiri wanapata ole yao. Tunaopenda Mathayo tu tunageuza kila kitu kuwa jambo la moyoni. Tunaopenda Luka tu tunasahau kwamba fukara naye ana moyo, anaweza kukataa na kukubali, si mzigo wa kuhurumiwa tu. Sijapata njia ya kuwaunganisha vizuri. Nasoma wote wawili.

Kuhusu albamu nyingine, niseme kidogo, maana nisije nikawafanya mdhani yote ni mahubiri. Ina nyimbo kumi tu, inaisha chini ya nusu saa. Saba kaandika Dolly, tatu za Porter Wagoner, na za Porter mimi naziona nzito bila sababu. Early Morning Breeze ni nzuri kusikiliza alfajiri, kuna umande na sala ndani yake. Here I Am ni sauti tupu, huyu dada alikuwa na mapafu. Na kuna Traveling Man, ambao binti ana mpenzi machinga wa kupita nyumba kwa nyumba, anamficha mama yake, na mwisho wa yote mama ndiye anayetoroka naye. Yaani wimbo wa kwanza mama anashona koti kwa mapenzi, wa pili mama anakimbia na mchumba wa mwanae! Nilicheka sana. Ila nikafikiri pia kwamba ni afya. Mtu anayeweza kuziweka hizo mbili zikifuatana hajamfanya mama kuwa sanamu.

Wimbo wa koti uliingizwa kwenye hazina ya sauti za taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, orodha ya mwaka 2011. Lile koti la kwanza halipo tena, lakini mama yake alishona jingine la kufanana nalo, nalo likawekwa Dollywood ndani ya kioo, watu wakawa wanalipa kiingilio kwenda kuliona. Wale watoto wa darasani, walio hai, sasa wako karibu na miaka themanini, na wengi wao huenda hawakuwahi kuhama wilaya ile. Huwa najiuliza kama kuna aliyewahi kusimama mbele ya kile kioo akiwa na wajukuu, na walipomuuliza "babu, hili koti ni la nani?", aliwajibu nini.